Lenzi Namba Moja

Jumanne, tarehe 7 Juni 1955, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, lenzi namba moja ilitolewa kwenye pamba yake na kuwekwa juu ya meza ya kazi. Kioo chake kilikuwa na rangi ya zambarau.

Namba mbili nayo ilikuwa hivyo hivyo, na namba tatu pia. Kufikia saa mbili na nusu lenzi zote kumi na mbili zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cheusi, na hapakuwa na hata moja iliyokuwa nyeupe. Ndani ya kasha zilimokuja hapakuwa na karatasi yoyote zaidi ya orodha ya namba.

Duka lilikuwa la Vallabhdas, Mtaa wa India, na aliyezipanga lenzi hizo alikuwa fundi wake, Onesphory Tarimo, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja. Kazi ya Onesphory ilijulikana. Kila mwaka masika yakiisha, lenzi za Dar es Salaam huota kuvu, na wapiga picha wa Kariakoo huvuka Mnazi Mmoja kuzileta dukani zikiwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Onesphory alizifungua, akasugua kila uso wa kioo kwa unga mwekundu wa kung'arishia vioo na kidole kilichovikwa hariri, kisha akazifunga tena. Katika miaka minne alikuwa amesafisha lenzi mia tatu na kumi na nane. Idadi hiyo ilikuwamo kwenye daftari lake, pamoja na tarehe, jina la mwenye lenzi, na vipimo viwili: mwanga uliopita kwenye lenzi kabla ya kusuguliwa, na uliopita baada ya kusuguliwa.

Lenzi zote hizo mia tatu na kumi na nane zilitengenezwa kabla ya vita. Hizi kumi na mbili zilikuwa za kwanza mpya kutoka Ulaya kufika dukani. Kumi na moja ziliagizwa na wapiga picha kumi na mmoja wa Kariakoo, na moja ilikuwa ya duka.

Wa kwanza kuja kuziangalia alikuwa Severa Massawe, mjane wa miaka arobaini na mitano, mwenye studio Mtaa wa Narung'ombe. Ndiye aliyewakusanya wenzake hata wakaagiza pamoja.

"Shikamoo, mama," alisema Onesphory.

"Marahaba. Hebu niione yangu." Aliinua namba moja, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akairudisha. "Bwana Vallabhdas, nimengoja miezi mitano. Nimeletewa jicho la mgonjwa."

Vallabhdas alivaa miwani. "Ni bahari, mama. Wiki sita ndani ya meli, ndani ya pamba. Ni kuvu."

"Kuvu huanzia ukingoni, na lina nyuzi," alisema Onesphory. "Hili halina ukingo wala nyuzi. Limetanda sawasawa."

Wilbert, fundi wa pili wa duka, aliyekuwa akikaza skrubu za miwani kwenye meza ya pili, hakuinua kichwa. "Hilo ni kuvu la Ulaya, Tarimo. Limepita shule."

"Limepita shule au halikupita, lifutwe," alisema Severa. "Idi Kubwa ni mwisho wa mwezi ujao. Watu watajaa Mnazi Mmoja na nguo zao mpya, na mimi sitawapiga picha na kioo chenye alama za pigo. Anza na yangu. Jumamosi tutakuja sote kumi na mmoja kuchukua."

Vallabhdas alitikisa kichwa kukubali. Onesphory alifungua kopo la unga mwekundu.

Kabla ya kusugua alifanya kama alivyofanya siku zote. Aliiweka lenzi kati ya taa na kipima mwanga, kwa umbali ule ule uliochorwa mezani kwa kalamu, akasoma sindano. Ilionyesha hamsini na moja. Aliandika.

Lenzi ilikuwa na vioo vitatu, yaani nyuso sita. Uso wa kwanza ulimchukua dakika arobaini, kwa sababu rangi ile ilikuwa ngumu kuliko kuvu. Ilipoanza kukubali, haikufifia. Ilibadilika. Zambarau iligeuka kahawia, kahawia ikageuka manjano hafifu kama chai iliyotiwa maji, kisha ikatoweka. Uso wa pili ulifanya vivyo hivyo, kwa mpangilio ule ule, na wa tatu pia. Onesphory aliandika maneno manne kwenye daftari: zambarau, kahawia, manjano, hakuna. Uchafu ukisuguliwa hupungua. Hakuwahi kuona uchafu unaopita rangi kwa zamu. Hata hivyo aliendelea, kwa kuwa alikuwa ameamriwa, na kwa kuwa katika miaka minne unga mwekundu haukuwahi kumkosea.

Saa sita na dakika arobaini alimaliza. Lenzi namba moja ilikuwa safi kama maji ya kisima. Aliirudisha kati ya taa na kipima mwanga. Sindano ilisimama kwenye arobaini na tatu.

Alidhani ni taa. Alibadilisha taa, akapata arobaini na tatu. Aliifuta lenzi kwa spiriti, akapima mara ya tatu, akapata arobaini na tatu. Akachukua namba mbili, ambayo haikuguswa, akaiweka mahali pale pale. Sindano ilipanda hadi hamsini na moja.

Kwenye daftari lake lenzi mia tatu na kumi na nane zilipitisha mwanga zaidi baada ya kusuguliwa. Ya mia tatu na kumi na tisa ilikuwa imepoteza karibu sehemu kumi na sita katika kila mia.

Hakuna aliyejua ila yeye. Kwa macho, namba moja ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote mezani, na Severa angeipokea akifurahi. Upande wa pili, duka lilikuwa na sheria isiyoandikwa: fundi akiharibu lenzi ya mteja, anaondoka siku hiyo hiyo. Mafundi wawili walikuwa wameondoka hivyo. Na zilibaki lenzi kumi na moja, zote zikisubiri unga ule ule na kidole kile kile.

Alifunga kopo. Alimwambia Vallabhdas kwamba kidole kinamuuma na angeendelea kesho. Huo ndio uongo pekee aliousema katika jambo hili, na aliuandika daftarini kuwa ni uongo.

Onesphory alikuwa amepanga chumba Gerezani, nyuma ya karakana za reli. Jioni hiyo alipita njia yake ya kila siku, kando ya mahali yanapooshwa mabehewa. Maji yalikuwa yametuama chini na juu yake palikuwa na mafuta ya mashine, na mafuta yale yalikuwa na rangi: buluu, zambarau, manjano, kijani. Alikuwa ameyapita mara elfu. Safari hii alichuchumaa. Mafuta ya mashine ni meusi, na maji ni maji. Rangi haikuwa ya mafuta wala ya maji. Alichukua kijiti akayasukuma mafuta yakawa membamba zaidi, na zambarau ikageuka kahawia, kisha manjano.

Alipofika chumbani alitoa sanduku chini ya kitanda na kufungua daftari lake la fizikia la darasa la kumi, alilolitunza tangu shule ya misheni. Ukurasa alioutaka ulikuwa na mchoro wa mawimbi mawili. Aliusoma mpaka wakati wa chakula, akala, akausoma tena, akalala mapema.

Jumatano saa mbili kamili alisimama mbele ya meza ya Vallabhdas.

"Bwana, nimeharibu lenzi moja. Naomba hizo nyingine zisiguswe."

Vallabhdas aliichukua namba moja, akaigeuzageuza. "Hii? Hii imekuwa nyeupe."

"Ndiyo. Ndiyo iliyoharibika."

"Wilbert," aliita Vallabhdas, "njoo usikilize. Mwenzako ameisafisha lenzi mpaka imeharibika."

"Ningelijua hilo, bwana, na mimi nisingelioga," alisema Wilbert.

Onesphory hakucheka. Aliweka lenzi namba mbili juu ya karatasi nyeupe dirishani. "Bwana, angalia karatasi kupitia kwenye kioo. Ni rangi gani?"

"Nyeupe."

"Kioo kilichochafuka kwa zambarau kingeonyesha karatasi ya zambarau. Sasa kiangalie kwa pembeni."

Vallabhdas aliinamisha kichwa. Zambarau iligeuka kuwa nyekundu ya kahawia. Aliinuka, rangi ikarudi.

"Doa halibadiliki kwa kuangaliwa upande," alisema Onesphory. Alichovya kijiti kwenye spiriti na kudondosha tone moja juu ya kioo. Chini ya tone rangi ilitoweka. Walisubiri wote watatu. Spiriti ilikauka, na rangi ikarudi mahali pake, nzima.

"Endelea," alisema Vallabhdas.

"Kioo chochote, hata kiwe safi namna gani, hurudisha sehemu ya mwanga. Kila uso hurudisha sehemu nne au tano katika mia. Ndiyo maana unajiona kwenye kioo cha dirisha la duka. Lenzi hii ina nyuso sita, kwa hiyo hasara hurudiwa mara sita. Kiwandani wamevika kila uso utando mwembamba sana. Sasa mwanga mmoja hurudi kutoka juu ya utando, na mwingine hurudi kutoka chini yake. Unene umepimwa ili wimbi la kwanza likiwa linapanda, la pili liwe linashuka. Yanafutana. Na mwanga ambao haukurudi haupotei, bwana. Unapita mbele, kwenye picha."

"Na hii rangi?"

"Utando mmoja hauwezi kufuta rangi zote sawasawa. Wamepimia kijani, iliyo katikati. Kijani hairudi. Kinachorudi ni nyekundu kidogo na buluu kidogo, na ukizichanganya unapata zambarau. Nilipokuwa nasugua nilikuwa napunguza unene, ndiyo maana rangi ilibadilika kabla ya kuisha." Alifungua daftari. "Hamsini na moja kabla. Arobaini na tatu baada."

Vallabhdas alisoma namba hizo, akasoma na za kurasa zilizotangulia, mwaka kwa mwaka. Alikuwa ameuza vioo kwa miaka ishirini na sita na hakuwa mtu wa kubishana na vipimo. Lakini alikuwa na wateja.

"Tuseme usemayo ni kweli," alisema. "Watu kumi na mmoja wanakuja Jumamosi, na wao wananunua kwa macho. Nikimpa Mama Severa kipima mwanga atanipiga nacho. Kwa hiyo iwe hivi. Jumamosi saa sita mchana, kama wao wenyewe watakubali kuzichukua lenzi zilivyo, umeshinda. Wakikataa, Wilbert atazisugua zote Jumatatu, na wewe utaondoka na namba moja mfukoni, iwe ukumbusho."

"Na namba moja ni ya Mama Severa."

"Hilo utamweleza wewe."

Alhamisi baada ya kazi Onesphory alikwenda Mtaa wa Narung'ombe. Severa alikuwa amekaa mlangoni pa studio akikata kingo za picha kwa mkasi. Alimsikiliza bila kuacha kukata.

"Ngoja nikuelewe," alisema. "Mimi nimekuamuru usafishe. Wewe umesafisha. Sasa umekuja kuniomba radhi kwa sababu imesafishika."

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni wa wapi kule nyumbani?"

"Rombo."

"Nilijua. Sisi Kibosho tunasema, Mrombo akikosa mtu wa kubishana naye hubishana na jua."

"Ndilo ninalotaka kubishana nalo. Jumamosi saa moja asubuhi, Mnazi Mmoja. Tuielekeze kamera kwenye jua, tupige picha kwa namba moja, kisha kwa namba mbili."

Mkasi ulisimama. Hakuna mpiga picha wa Kariakoo aliyepiga picha akilielekea jua. Ndilo jambo la kwanza walilofundishana: jua liwe mgongoni kwako. Lenzi ikilitazama jua, mwanga hugongana ndani yake kutoka uso mmoja wa kioo hadi mwingine, ukatokea kwenye picha kama ukungu na mlolongo wa madoa. Kwa sababu hiyo, wakati wa sikukuu, wateja walipangwa wakilitazama jua na macho yao kufinywa, na kila mwaka Severa alisikia lawama zile zile kutoka kwa akina mama waliotoka kwenye picha kama waliolamba ndimu.

"Kamera itakuwa yangu," alisema. "Mabamba yangu ya picha, manne, nitakayoyatia alama mwenyewe. Kifungio cha kuruhusu mwanga nitakifungua mimi, na nitayasafisha mimi hapa kwenye chumba changu cha giza. Wewe hutagusa kitu ila lenzi."

"Ndivyo nilivyotaka kuomba."

"Usiniambie ulivyotaka. Njoo Jumamosi."

Jumamosi tarehe 11, saa moja na dakika kumi asubuhi, kamera ya mbao ya Severa ilikuwa imesimama kwa miguu yake mitatu upande wa Kariakoo wa uwanja, ikitazama mashariki. Jua lilikuwa limeshapita juu ya mapaa ya Uhindini. Wapiga picha wote kumi na mmoja walikuwapo, na Vallabhdas akiwa na mwavuli uliofungwa. Wapita njia wapatao thelathini walisimama pia, wakidhani kuna sherehe.

Wa kupigwa picha alikuwa Wilbert, kwa amri ya Vallabhdas. Alikuwa amevaa koti jeusi lenye vifungo vinne vya shaba, na alisimama hatua sita mbele ya kamera, jua likiwa nyuma ya bega lake la kushoto.

"Uso wangu uko kivulini," alisema. "Mama yangu akiiona hii atadhani nimefariki."

"Nyamaza, maiti haisemi," alijibu Severa, akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi.

Mpango ulikuwa mfupi. Umbali ule ule, tundu la lenzi lile lile, muda ule ule wa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Lenzi mbili zilikuwa zimefungwa kwenye vibao viwili vinavyolingana ili kubadilisha kuchukue chini ya dakika moja. Saa moja na dakika ishirini Severa alipiga bamba la kwanza kwa namba moja. Onesphory akatoa kibao, akaweka cha namba mbili.

Saa moja na dakika ishirini na moja wingu lilifunika jua.

Severa alikuwa ameshashika kifungio. "Tayari," alisema.

"Bado, mama."

"Bado nini? Mwanga upo wa kutosha."

"Jua limefunikwa."

"Wingu dogo tu. Watu wana kazi."

"Ukipiga sasa, namba mbili itashinda," alisema Onesphory. "Hakuna jua la kuisumbua. Picha itatoka safi, na haitakuwa imethibitisha kitu. Tutasubiri, na tutarudia tangu mwanzo, zote mbili."

Mzee Augustino wa Mtaa wa Sikukuu, ambaye tangu Jumanne alikuwa akisema kwamba yeye lenzi yake ataisugua mwenyewe kwa majivu, alisogea mbele. "Kijana, umesema wingu linakusaidia wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na unalikataa?"

"Jua hili la wingu silo lililoikabili namba moja."

Mzee Augustino aliwageukia wenzake. Alikunja mikono na kusimama kusubiri, na waliokuwa wakinung'unika wakaacha. Severa akaondoa mkono kwenye kifungio.

Walisubiri dakika kumi na tisa. Wilbert aliuliza mara mbili kama anaruhusiwa kukaa, akakataliwa mara mbili. Saa moja na dakika arobaini wingu liliachana na jua. Severa alisogeza kamera kidogo, kwa kuwa jua lilikuwa limepanda, akapima upya, na kupiga bamba la pili kwa namba moja. Kibao kilibadilishwa. Saa moja na dakika arobaini na mbili alipiga bamba la tatu kwa namba mbili, na jua halikuwa limeguswa na kitu.

Lilibaki bamba moja. Onesphory alianza kulegeza kibao.

"Iache hapo," alisema Severa. "Hili la nne ni langu. Wewe umepiga unavyotaka, sasa napiga ninavyotaka mimi." Aliigeuza kamera mpaka jua lenyewe likaingia kwenye pembe ya juu ya picha. "Tukiitesa, tuitese vizuri."

Onesphory hakuwa amelipima hilo, na alisema hivyo.

"Vizuri," alijibu Severa. "Basi sote hatujui." Akapiga.

Chumba chake cha giza kiliweza kuchukua watu watatu. Waliingia Severa, Mzee Augustino na Vallabhdas. Onesphory alibaki nje, kwenye benchi la studio, pamoja na wapiga picha tisa na Wilbert, aliyekuwa akilalamika miguu. Saa tatu na robo mlango ulifunguliwa na Severa akatoka na mabamba manne yakidondosha maji, akayasimamisha dirishani.

Wapiga picha hawahitaji kusubiri karatasi. Kwenye bamba lililosafishwa, penye mwanga huwa peusi na penye giza huwa peupe, na wao husoma hivyo kama wengine wasomavyo barua. Walijongea wote kwa pamoja.

Bamba la kwanza na la pili, yote ya namba moja, yalikuwa na weusi uliotanda kuanzia kona ya juu mpaka katikati, na ndani ya weusi huo madoa matano ya duara yalipangana mshazari, kutoka bega la Wilbert hadi paji la uso wake. Uso haukuwapo. Vifungo havikuwapo.

Bamba la tatu lilikuwa angavu. Onesphory alisogea karibu, akahesabu vifungo. Vilikuwa vinne. Kwenye nyusi ya kulia ya Wilbert palikuwa na kovu dogo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka yote minne aliyofanya naye kazi.

"Ulianguka?" aliuliza.

"Baiskeli," alisema Wilbert. Aliangalia bamba la pili, kisha la tatu. "Kwa hiyo hapa kwenye iliyosafishwa ndipo nilipofariki, na kwenye chafu nimefufuka."

Severa alikuwa ameinua bamba la nne, lile lililopigwa jua likiwa ndani ya picha. Palikuwa na doa moja, dogo kama punje ya mtama, karibu na jua. Chini yake alisimama Wilbert, mzima, vifungo vyote vinne, na nyuma yake mapaa ya Uhindini, moja moja, mpaka waya za simu.

Alilipitisha kwa Mzee Augustino. Mzee aliliangalia kwa muda mrefu, akalipeleka dirishani, akarudi.

"Miaka thelathini," alisema, "nimewafinyisha watu macho bure."

Mmoja alianza kucheka, kisha wote. Walicheka mpaka wapita njia wa Narung'ombe wakachungulia mlangoni. Mpiga picha mmoja alikuwa tayari anawapangia wenzake namna watakavyosimama siku ya Idi, watoto wakiwa wamelipa jua mgongo na macho yao yote wazi. Mwingine alitaka kujua kama zambarau hiyo inaweza kuoshwa kwa sabuni kwa bahati mbaya, na Onesphory alijibu: brashi laini, karatasi laini, spiriti kidogo, unga mwekundu kamwe. Walimtaka arudie. Safari hii watatu waliandika.

Picha za karatasi zilikuwa tayari saa nne na nusu, na saa tano wote walikuwa Mtaa wa India. Vallabhdas alisimama nyuma ya meza yake na kuuliza swali moja, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Zisuguliwe au zisisuguliwe?"

"Atakayezigusa nitamkata kidole," alisema Severa.

"Basi kuna jambo lako, mama. Namba moja ilikuwa yako."

"Najua ilikuwa yangu. Na mdomo ulioamuru ulikuwa wangu." Alimtazama Onesphory. "Wewe ungeweza kunipa ile nyeupe Jumanne. Ningekushukuru na kukuletea ndizi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukunipa?"

"Ilionyesha arobaini na tatu."

Severa alingoja kama kuna sababu nyingine. Haikuwapo. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo kinacholingana na chake.

Vallabhdas alichukua lenzi namba kumi na mbili, iliyokuwa ya duka, akaisukuma mbele ya Severa. Namba moja aliiweka kwenye rafu ya vifaa vya kupimia, pamoja na taa na kipima mwanga, ili kila lenzi mpya itakayofika ilinganishwe nayo. Kisha akawaita wateja mmoja mmoja kwa majina yao. Mzee Augustino alikuwa wa mwisho, na kabla ya kusaini aliiinamisha lenzi yake upande mmoja na mwingine mara kadhaa, akiangalia rangi inavyogeuka.

Saa sita kasorobo lenzi zote kumi na moja zilikuwa zimechukuliwa. Hakuna iliyosuguliwa.

Vallabhdas alimwita Onesphory mezani, akamwonyesha barua aliyokuwa ameianza kwa wakala wa Mombasa. Ilikuwa inaagiza lenzi ishirini na nne za aina ile ile, na kutaja kwamba zote ziwe na utando kwenye nyuso zote sita. Chini palikuwa na nafasi mbili za saini. Ya kwanza ilikuwa ya mwenye duka. Ya pili ilikuwa na neno ambalo halikuwahi kuwamo kwenye barua za duka hilo: Mkaguzi.

"Saini hapo," alisema. "Kuanzia leo hakuna kioo kitakachosuguliwa hapa kabla hujakipima. Wilbert naye atakuuliza."

"Nitamuuliza hata kabla ya kuoga," alisema Wilbert.

Onesphory aliisoma barua tangu mwanzo, akasahihisha tarakimu iliyokuwa imekosewa, akasaini.

Jumatatu tarehe 13 Juni, saa mbili na robo asubuhi, barua hiyo ilipokelewa posta na kugongwa muhuri.